Kuni Si Bure: Nyumba, Jiko na Haki Katika Nyanda za Mtendeli



Mwaka uliopita shauri moja lililetwa mbele ya wazee wa usuluhishi wa jumuiya mojawapo katika maeneo yetu, nasi tukaalikwa kusikiliza. Mume alikuwa amempiga mke wake kwa sababu alirudi kutoka shambani saa tisa alasiri akakuta hakuna chakula. Mke alijieleza kwamba maharage hayakuiva kwa kuwa kuni zilikuwa mbichi, mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, na kuni kavu zilikuwa mbali, ng'ambo ya bonde. Wazee walifanya kazi yao kwa uungwana. Walimkaripia mume kwa kuinua mkono, wakamtoza faini, wakamhimiza mke awahi kuandaa chakula, wakawapatanisha, na watu wakapeana mikono. Nasi tuliwabariki tukaondoka. Tulipokuwa njiani ndipo tulipotambua kwamba katika muda wote wa kikao kile, zaidi ya saa mbili, hakuna hata mmoja wetu, mzee wala padre, aliyeuliza: hizo kuni ziko mbali kiasi gani, na kwa nini ni yeye peke yake anayezifuata?

Tumezoea, tunapotaja haki na amani, kufikiria mipaka ya mashamba, mahakama, uchaguzi na rushwa. Ni sawa, na mengi yamekwisha kuandikwa juu ya hayo. Lakini sehemu kubwa ya maisha ya mwanadamu hupita nyumbani mwake, na sehemu kubwa ya maisha ya mwanamke na ya mtoto mchanga hupita jikoni. Ikiwa nyumba hiyo ni ya moshi, baridi wakati wa baridi na tanuri wakati wa jua, na ikiwa kila mlo unaopikwa humo unadai safari ya nusu siku porini, basi hapo pana jambo la haki, hata kama hakuna aliyekwenda polisi. Neno letu leo ni hilo tu: kuni zinazoitwa za bure zina mwenye kuzilipa, na mara nyingi huyo mlipaji ndiye asiyeulizwa nyumba ijengwe namna gani wala jiko liwe la aina gani.

Wageni wanaotoka Dar es Salaam au Kigoma mjini hudhani kwamba Tanzania yote ni joto. Sisi tunaoishi katika nyanda za juu za Kasulu, Kibondo na Kakonko twajua kwamba usiku wa Juni na Julai si wa mzaha. Kiangazi huanza mwezi wa Mei na kuendelea hadi Septemba. Upepo mkavu huvuma, vumbi jekundu huingia kila mahali, asubuhi watoto huota moto wakiwa wamejifunika kanga za mama zao. Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, jua hupiga mabati hadi mtu hawezi kupumzika ndani saa nane za mchana. Kisha huja mvua, tangu Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, na pamoja nayo radi, kuta zinazolowa, na kuni zisizowaka. Nyumba moja inapaswa kumhifadhi mtu katika hali hizi zote.

Juni moja tulikwenda kumpelekea Komunyo bibi mmoja mgonjwa. Tulimkuta jikoni, mlango umefungwa, kidirisha pekee kimezibwa kwa gunia, na kisiki kikubwa kikifuka moshi katikati ya mafiga. Sala ya wagonjwa tuliisoma kwa shida, machozi yakitutoka, nao wanajumuiya wakadhani ni machozi ya ibada. Tulimwambia, "Bibi, moshi huu utakuua kabla ya ugonjwa." Akajibu, "Baba Padre, moshi ndio blanketi langu." Hatukuwa na jibu. Aliyoyasema yalikuwa kweli kwa upande mmoja: hakuwa na blanketi la kutosha, ukuta wake ulikuwa na nyufa, na mlango wake ulikuwa umeachana na kizingiti kwa upana wa kiganja. Alikuwa akichoma mti mzima ili kupasha joto hewa iliyokuwa ikitoka nje kwa mlango.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020, vikiwemo vya watoto wadogo wengi. Kwa nchi yetu, Serikali imekuwa ikitaja idadi ya zaidi ya vifo 33,000 kwa mwaka. Katika vitabu vya vifo vya parokia hutakuta "moshi" umeandikwa kuwa sababu. Utakuta kifua, kichomi, homa ya mapafu.

Tuangalie basi kuni zenyewe. Wazee wanakumbuka kwamba Waha wengi zamani waliishi kwa kutawanyika, kila ukoo kilimani pake, na pori la miombo likiwa nyuma ya nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 operesheni ya kuhamia vijijini ilitukusanya kando ya barabara, karibu na shule na zahanati. Hatuibezi faida ya shule na zahanati. Lakini kaya mamia kadhaa zilizowekwa mahali pamoja hukata kuni upande uleule kila siku, na pori halina budi kurudi nyuma. Mama aliyeolewa kijijini akiokota kuni kwa umbali wa kuitana, leo binti yake huondoka alfajiri.

Halafu wakaja ndugu zetu kutoka ng'ambo ya mpaka. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, na vita vilivyofuata huko na baadaye Kongo, mkoa wetu ulipokea watu kwa mamia ya maelfu. Mtendeli ilikuwa mojawapo ya kambi za miaka hiyo ya 1990 katika wilaya iliyoitwa Kibondo (sasa mahali hapo ni wilaya ya Kakonko, ingawa wengi wetu ulimi haujazoea). Ilifungwa, ikafunguliwa tena Januari 2016, wakati machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 yalipokuwa yameijaza kambi ya Nyarugusu kupita kiasi, na mwishoni mwa mwaka 2021 ikafungwa tena, watu waliobaki wakahamishiwa Nduta.

Tufanye hesabu ndogo ya shuleni. Mtu mmoja anayekula chakula kilichopikwa kwenye mafiga hutumia kwa kawaida kilo moja ya kuni kwa siku, na mara nyingi zaidi. Kambi ya watu 50,000 basi huhitaji tani 50 kila siku inayokucha, siku za sikukuu zikiwemo. Chakula kiligawiwa kwa kadi, mahindi na maharage kwa vipimo. Kuni za kupikia chakula hicho, kwa sehemu kubwa, mkimbizi aliachwa azitafute mwenyewe. Na maharage makavu ni chakula kinachodai moto wa saa tatu! Aidha, kanuni za kambi zilimkataza mkimbizi kwenda zaidi ya kilomita nne bila kibali. Ndani ya kilomita hizo nne miti ilikwisha mapema. Kwa hiyo mwanamke alikuwa na njia mbili, avunje kanuni au watoto walale na maharage mabichi.

Yaliyotokea huko porini hatutayapamba wala kuyafunika. Wanawake wengi walibakwa wakitafuta kuni, katika miaka ya 1990 na tena baada ya mwaka 2015. Mwezi wa Mei 1999 kundi la wanawake wakimbizi wa Mtendeli waliokuwa nje ya kambi walivamiwa na kundi kubwa la wanaume wa Kitanzania, na wengi wao wakabakwa. Jambo hilo limo katika ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2000 juu ya wanawake katika kambi za wakimbizi za nchi yetu. Wanaume wale hawakutoka mbinguni. Walitoka vijijini, katika kaya zinazofanana na kaya zetu. Upande mwingine, mwanamke wa kijiji naye alikuta shamba lake la mihogo limechimbwa na mti wa mninga alioachiwa na baba yake umekatwa usiku. Waliokuwa maskini kwa pande zote mbili waligombania kijinga kimoja cha moto, na wengi wetu tuliokuwa na sauti tulihubiri juu ya uvumilivu.

Tumekumbusha haya kwa sababu wapo wanaosema kwamba kambi ilipofungwa tatizo la kuni lilifungwa nalo. Visiki vya Mtendeli vinasema vingine. Miombo huchipua tena ikiachwa, na machipukizi yapo, yanaonekana. Lakini kila mwaka mioto ya kiangazi huyapitia kabla hayajafika kimo cha mtu, na yale yanayopona hukutana na shoka la mchoma mkaa.

Sasa turudi nyumbani, kwa maana ndani ya nyumba kuna mengi yasiyongoja msaada wa shirika lolote.

Mafiga matatu yaliyo wazi hupeleka kwenye sufuria sehemu ndogo tu ya joto la kuni, takriban 10 hadi 15 katika kila 100. Mengine hupasha miguu ya mpishi, kuta na anga. Jiko banifu la udongo, lililofinyangwa kuizunguka sufuria ili mwali usitoroke pembeni, lenye mdomo mmoja mdogo wa kuni, laweza kupunguza kuni kwa theluthi moja, na likitengenezwa vizuri hata nusu. Mahitaji yake ni udongo wa kichuguu, majani makavu yaliyokatwakatwa, maji, na subira ya wiki mbili au tatu likauke kivulini bila kuwashwa. Wengi huliwasha siku ya tatu, likapasuka, kisha wakasema majiko haya ni ya uongo. Hali kadhalika jiko likijengwa kwa kipimo cha sufuria ya jirani, halitafaa kitu. Sufuria ya nyumba husika ndiyo iwe kipimo.

Kuni nazo zina haki yake. Mti uliokatwa leo waweza kubeba maji hata nusu ya uzito wake. Anayeuchoma mbichi hutumia moto kuchemsha maji yaliyo ndani ya kuni kwanza, ndipo achemshe yaliyo katika sufuria, na moshi wote ule ni malipo ya haraka hiyo. Kuni za masika hupaswa kukatwa na kupasuliwa vipande vyembamba mwezi wa Juni au Julai, zikapangwa chini ya upenu mpana ambako upepo hupita. Kupasua magogo ni kazi ya nguvu, na hatujawahi kusikia kwamba wanaume wa Kasulu au Kibondo hawana nguvu. Ikiwa lile shauri tulilolisikiliza lingefanywa upya, hukumu yetu ingekuwa hiyo: mume apasue kuni za miezi mitatu, azipange upenuni. Naam, na alowe maharage tangu jioni kwa mkono wake mwenyewe, maana maharage yaliyolowa usiku kucha huiva mapema zaidi, na sufuria yenye mfuniko haitawanyi mvuke. Akitaka kwenda mbele zaidi, maharage yakishachemka vema sufuria yaweza kuondolewa motoni ikazikwa katika kapu lililosheheni majani makavu na kufunikwa blanketi zito. Yataendelea kuiva yenyewe wakati watu wako shambani. Bibi zetu walifunika viazi vitamu kwa majani ya mgomba kwa hekima hiyohiyo.

Juu ya ujenzi tutasema kwa urefu kidogo, kwa sababu hapa wanaume ndio waamuzi. Kila anayetaka kuonekana ameendelea huchoma tanuri la matofali. Tanuri moja humeza miti mingi kuliko jiko la kaya kwa muda mrefu sana, nayo huchomwa mara nyingi kwa kuni mbichi, hata nusu ya matofali hutoka hayajaiva. Tunasema waziwazi: nyumba ya matofali mabichi yaliyofyatuliwa vizuri, ikiwekwa juu ya msingi wa mawe unaopanda juu ya ardhi kiasi cha goti, ikapewa paa lenye upenu mpana na lipu ya udongo inayorekebishwa kila kiangazi, hudumu miaka mingi. Adui yake ni maji ya mvua yanayoruka kutoka chini na yale yanayopigwa na upepo ukutani. Ukimzuia adui huyo huna sababu ya kuteketeza miombo. Ukuta mnene wa udongo una faida nyingine, kwamba hunywa joto la mchana polepole na kulirudisha usiku. Wenye uwezo wa saruji wanaweza kutumia matofali yaliyoshindiliwa kwa mashine, udongo na saruji kidogo, yasiyohitaji moto kabisa.

Kuhusu upande wa kuelekea, sisi tuko karibu na ikweta, kati ya nyuzi 3 na 5 kusini. Jua la mchana liko juu ya paa, lakini la asubuhi na hasa la alasiri hupiga kuta za mashariki na magharibi. Nyumba ndefu inayotazama kaskazini na kusini kwa mbavu zake hupata nafuu kubwa, na chumba cha kulala kikiwa na dirisha la magharibi watoto hulala kwenye joto lililokusanywa tangu saa tisa. Mvule, mwembe au mparachichi upande wa magharibi ni dari ya bure. Bati nalo, ambalo sisi sote tunalipenda kwa kuwa halivuji wala halishiki moto kama nyasi, linadai hewa ipite chini yake: matundu chini ya kenchi pande zote mbili, na dari, hata ya jamvi au ya mabanzi, ili joto la mchana na baridi ya alfajiri visituangukie moja kwa moja. Lakini dari ya jamvi isiwekwe juu ya jiko. Jiko liwe nyumba yake, au walau chini ya paa lake, lenye dirisha la juu upande usiopigwa na upepo wa kiangazi, moshi upate njia. Na milango ifungwe vizuri! Fundi anayeacha upenyo chini ya mlango amemwachia mwenye nyumba deni la kuni kila Juni.

Hapa pana onyo tusiloweza kuliahirisha. Usiku wa baridi baadhi yetu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha. Mkaa unaowaka hewa ikiwa haba hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo humlevya mtu akiwa usingizini, asiamke. Mkaa usiotoa moshi ndio unaowadanganya watu, kwa kuwa macho hayawashi. Asilale mtu yeyote chumbani pamoja na jiko la mkaa, hata kama makaa yanaonekana kufifia. Nazo koroboi zikae mbali na vyandarua. Taa ndogo ya sola leo imeondoa sababu ya kuhatarisha watoto kwa mafuta ya taa.

Radi tutaigusa kwa ufupi, ila hatuwezi kuiruka. Januari 2025 wanafunzi saba wa shule ya sekondari Businda, wilayani Bukombe katika mkoa jirani wa Geita, waliuawa kwa radi shuleni. Katika nyanda zetu nasi twazika kila masika. Mtu asijikinge chini ya mti mrefu, asisimame mlangoni wala kuegemea nguzo ya chuma, na majengo ya shule na makanisa yapewe fimbo ya radi yenye waya unaofika chini ardhini. Na baada ya msiba, mtu asitafutwe. Bibi kizee mwenye macho mekundu, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa miaka sitini ya moshi wa mafiga, hakuituma radi.

Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanatumia nishati safi. Tunauunga mkono kwa moyo wote. Hata huko Nyarugusu yalifanyika majaribio ya kugawa gesi kwa baadhi ya kaya za wakimbizi, na waliopata walishukuru kwamba binti zao hawakwenda porini. Gridi ya Taifa nayo imeingia mkoani kwetu baada ya miaka mingi ya mashine za dizeli, na wachache wamegundua kwamba jiko la umeme la presha huivisha kilo ya maharage kwa chini ya uniti moja. Huo ni uchumi mzuri kuliko wengi wanavyodhani.

Hata hivyo tumeingia katika majiko mengi, na tumeona jambo. Mtungi mdogo wa gesi upo pembeni, umefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake pamewekwa picha ya Bikira Maria au thermosi ya wageni. Uliisha mwezi wa pili baada ya kununuliwa au kutolewa kama zawadi ya kampeni. Kuujaza kunadai fedha taslimu siku moja, tena mkupuo, na fedha taslimu iko mfukoni mwa mume. Kufuata kuni kunadai miguu, nayo miguu ni ya mke. Katika hesabu ya mume, gesi ni ghali na kuni ni bure. Hata mume mwema, asiyekunywa, asiyepiga, hufanya hesabu hiyo, kwa sababu hajawahi kufundishwa kuhesabu saa za mke wake. Baada ya mavuno ya kahawa au maharage, kabla pikipiki haijanunuliwa, mume na mke wakae wahesabu: safari ngapi kwa wiki, saa ngapi kwa safari, nini kingelimwa katika saa hizo, na binti amekosa vipindi vingapi. Kisha waamue pamoja. Kwa kaya nyingi tunaamini jibu litakuwa mchanganyiko, yaani jiko banifu kwa maharage na ugali wa mchana, gesi au umeme kwa chai ya asubuhi na uji wa mgonjwa. Wanaodai kwamba asiyepika kwa gesi peke yake bado yuko gizani wanawakatisha tamaa watu wasio na sababu ya kuaibishwa.

Hatuwezi kuwanyoshea kidole wanaume wa vijijini bila kujitazama. Kwa miaka mingi katika parokia zetu, wakati wa matoleo, kina mama wameleta mizigo ya kuni kwa nyumba ya mapadre. Waliingia wakiimba, kuni zimefungwa kwa kamba za migomba, nasi tukapokea kwa tabasamu. Hatukuuliza zimetoka wapi. Jiko letu la parokia lilikuwa mafiga makubwa yasiyozimwa tangu asubuhi hadi usiku, ili maji ya moto yasikosekane akija mgeni. Taasisi zetu, shule, seminari, nyumba za malezi, zilipika kwa magogo. Serikali ilipotoa agizo kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, baadhi yetu tulilalamika kwamba muda ni mfupi. Muda ulikuwa mfupi, ni kweli. Lakini waraka wa Baba Mtakatifu Fransisko juu ya utunzaji wa dunia kama nyumba yetu sote ulikuwa umetoka tangu mwaka 2015, na sisi ndio tuliousoma mimbarini.

Yako mambo ya kijiji pia, ambayo viongozi walei wanayo nafasi ya kuyasukuma. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake na kujiwekea kanuni za kuutumia. Vijiji vyetu kadhaa vimetenga, na kamati zipo. Ila ukisoma majina ya kamati utakuta wanaume wanaokata mbao wameketi, na wanawake wanaookota kuni wametajwa mwishoni kama wajumbe wa kuandaa chai. Mwanamke ndiye anayejua ni upande gani machipukizi yanapona na njia gani si salama. Bila yeye, kanuni zitaandikwa za kumkamata yeye na mzigo wake wa kichwani huku lori la mkaa likipita usiku na kibali chake mkononi. Tumeliona hilo zaidi ya mara moja kizuizini.

Kwa upande wetu, tangu kiangazi kilichopita tumewaomba kina mama wasilete tena kuni katika matoleo. Wengine walihuzunika, na mmoja alituuliza kama zawadi yake imekataliwa. Tulimwonyesha jiko jipya la udongo la nyumba ya mapadre, lililojengwa na vijana wawili wa kiume wa parokia, akalizunguka mara mbili, akasema mdomo wake ni mpana mno. Alikuwa sahihi, na limefinyangwa upya.

Tunaomba kila jumuiya, katika mkutano wake wa kwanza wa mwezi wa Agosti, itenge saa moja na kumwuliza kila mume aliyehudhuria maswali mawili, mke wake akiwa ameketi pale anasikia: kuni zilizopikia chakula chako cha jana zilitoka wapi, nani alizileta na alitumia muda gani? Na ni kiasi gani kimepangwa upenuni kwako kwa ajili ya masika? Katibu aandike majibu kama yalivyosemwa, bila kuyasahihisha, ayapeleke kwa mwenyekiti wa Haki na Amani wa kigango kabla mvua za kwanza hazijaanza.